Uchongaji wa Wamakonde: Kutoka Mueda hadi Mwenge

Wamakonde ni wenyeji wa nyanda mbili za juu zinazotazamana pande mbili za Mto Ruvuma: Newala upande wa Tanzania na Mueda upande wa Msumbiji. Nyanda zote mbili zilikuwa na vichaka vizito na maji ya shida. Wanawake waliteremka bondeni kuteka, kisha wakaupanda tena mlima na mitungi kichwani. Lakini adha hiyo ilikuwa pia kinga. Katika karne ya 19, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikielekea Kilwa na Wangoni walipokuwa wakishambulia vijiji vya kusini, watu wengi walikimbilia huko juu na kujificha nyuma ya vichaka. Hawakuwa na mfalme. Waliishi katika vijiji vidogo chini ya wakuu wa koo, na ukoo ulifuatwa upande wa mama.

Vinyago vyeusi vya mpingo vinavyouzwa leo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Maputo hudhaniwa kuwa urithi wa enzi hizo. Sehemu kubwa ya dhana hiyo haina msingi. Mitindo iliyowapa Wamakonde jina duniani ilizaliwa mjini, katika miaka ya 1950 na 1960, mikononi mwa wahamiaji waliokuwa wakitafuta riziki. Kilicho cha kale ni ustadi wenyewe wa kuchonga, na heshima ambayo jamii iliupa.

Heshima hiyo inaonekana katika simulizi la asili ya kabila. Mwanazuoni wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Lindi mwaka 1906 na kupanda hadi Masasi, Newala na Mahuta wakati nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji, alilisikia na kuliandika. Hapo mwanzo alikuwepo kiumbe mmoja aliyeishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja alichonga sanamu ya mtu kutoka katika mti, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka pamoja hadi Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Walipohamia bonde jingine, wa pili naye akafa. Wa tatu alizaliwa juu, kwenye vichaka vya Mahuta, akaishi, na kutoka kwake wakatokea Wamakonde. Simulizi linaeleza kwa nini watu hukaa mbali na mabonde yenye maji na maradhi, na linaeleza pia kwa nini sanamu ya mwanamke ilikuwa na thamani ya pekee: mama wa wote alikuwa kazi ya mchongaji.

Weule alikusanya vitu vingi kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, na mkusanyiko wa namna hiyo unaonyesha jinsi uchongaji ulivyokuwa kabla ya biashara kuingia. Kulikuwa na vikopo vya ugoro na vya dawa vyenye vizibo vya umbo la kichwa cha mtu, vitana, fimbo, sanamu ndogo za wanawake, na zaidi ya yote vinyago vya kuvaa katika ngoma. Vinyago hivyo vya ngoma vilichongwa kwa miti laini na myepesi, kwa sababu ambayo mchezaji aliijua vizuri kuliko mtu yeyote: alipaswa kucheza navyo kichwani.

Upande wa Mueda, kinyago cha ngoma huitwa lipiko, na vikiwa vingi mapiko. Hakifuniki uso tu bali hukifunika kichwa chote kama kofia ya chuma. Mchongaji huanza na kipande cha gogo, hukichimba ndani mpaka ukuta wake ubaki mwembamba sana, kisha hutengeneza uso kwa kisu. Nywele hutoka kwa watu halisi: zilizonyolewa hukusanywa na kubandikwa mstari kwa mstari. Chale za mashavuni, ambazo Wamakonde walijichanja wakiwa vijana, huchongwa au huwekwa kwa nta ya nyuki iliyopakwa rangi nyeusi. Kinyago cha mwanamke huwa na ndonya, kipande cha mti kilichovaliwa kwenye mdomo wa juu. Mchezaji hukivaa kikiwa kimeinama nyuma kidogo, naye huona kupitia mdomo wa kinyago. Mwili wake wote hufunikwa nguo, na njuga hufungwa ili kila hatua isikike. Upande wa Newala vinyago vingi vilikuwa vya kufunika uso pekee, na baadhi ya wachezaji walipanda mirongoti wakaonekana warefu kupita paa za nyumba.

Ngoma hizo zilichezwa vijana walipotoka jandoni na unyagoni. Kinyago kilichongwa na kuhifadhiwa nje ya kijiji, mahali palipokatazwa kwa wanawake na kwa wavulana wasiotahiriwa, na wao walitakiwa kuamini kwamba aliyetokea uwanjani ni mfu aliyerudi. Mchongaji alikuwa mkulima kama wenzake. Hakuwa na bwana wa kumlisha wala soko la kumsubiri. Alichonga pale ngoma ilipohitaji, na waliomhukumu walikuwa wanaume wa vijiji vya jirani waliokuja kutazama na kushindana. Ushindani huo wa kijiji na kijiji ulikuwa shule kali, nao unaeleza mengi kuhusu wepesi ambao wachongaji walikuja kuuonyesha baadaye katika kubuni.

Wareno walifaulu kuutiisha uwanda wa Mueda mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa ya Msumbiji kuingia mikononi mwao. Baada ya hapo zikaja kodi, kazi za shuruti na, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930, kilimo cha lazima cha pamba kwa bei iliyopangwa na kampuni. Wamisionari wa Kikatoliki walifika katika miaka ya 1920. Wao na maofisa wa serikali ndio waliokuwa wateja wa kwanza kutoka nje. Waliagiza misalaba, sanamu za Bikira Maria, vichwa vya wazee, wanawake wenye mitungi. Hawakuhitaji kitu cha kuvaa. Walihitaji kitu cha kuweka mezani, kisichooza wala kuliwa na wadudu, na kwa mahitaji hayo mpingo uliingia katika kazi.

Mpingo ni mti mdogo wa nyika kavu, wenye miiba, unaokua polepole mno. Hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Ganda la mti wake ni jembamba, chini yake pana tabaka la rangi ya maziwa, na ndani kuna kiini cheusi chenye kuelekea zambarau. Kiini hicho ni kizito kiasi kwamba kikitupwa majini huzama. Shina lake mara nyingi limejipinda, lina mafundo na mashimo, na ni nadra kupata kipande kilichonyooka kinachozidi urefu wa mtu. Sifa hizo zote ziliacha alama katika sanaa: vinyago virefu na vyembamba, maumbo yaliyopinda, matundu yaliyogeuzwa kuwa tumbo au jicho, na mpaka kati ya weusi na weupe ambao mchongaji hodari huuacha makusudi.

Kodi na pamba viliwasukuma maelfu ya Wamakonde wa Mueda kuvuka Ruvuma. Mashamba ya mkonge ya Lindi, Morogoro na Tanga yalihitaji manamba, na ujira wa Tanganyika, ingawa mdogo, ulikuwa bora kuliko ule wa Wareno. Wengine walisonga mbele hadi Kenya, kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wajukuu wao waliishi Kwale bila vitambulisho hadi mwezi Oktoba 2016, walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi. Mwaka uliofuata Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Katika kambi za mkonge mtu aliyejua kuchonga alichonga jioni na siku za mapumziko, kisha akauza kando ya barabara. Wamakonde hawakuwa wachongaji pekee waliojaribu soko hilo. Wazaramo, wenyeji wa mazingira ya Dar es Salaam, walikuwa wakiwauzia Wazungu sanamu tangu enzi ya Wajerumani, na inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kwao alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi Ukambani na kuanzisha biashara ya vinyago iliyokuja kuenea hadi Nairobi na Mombasa. Lakini Wamakonde ndio waliokwenda mbali zaidi katika kubuni, na hilo lilitokea Dar es Salaam.

Mtu mmoja hutajwa katika kila maelezo ya kipindi hicho: Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi. Tangu miaka ya 1950 alinunua kazi kutoka kwa wachongaji waliotoka Msumbiji, akawapa baadhi yao mpingo na mahali pa kufanyia kazi, na akawahimiza wachonge walichokitaka wenyewe. Kabla ya hapo soko lilidai kile kilichoitwa binadamu: mzee mwenye bakora, mama na mtoto, mwindaji, mwanamke anayetwanga, vyote vikiwa na sura ya kawaida. Samaki Likankoa alikuwa mmoja wa waliomletea Peera kazi. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 sanamu yake moja iliharibika, na badala ya kuitupa aliifanya kiumbe cha ajabu. Peera akaipenda, akaomba nyingine. Hapo ndipo ulipoanza mtindo wa shetani.

Kuna sababu ya kutolichukua simulizi hilo kama maelezo yote. Ajali moja haiwezi kuzaa mtindo, na mnunuzi mmoja hawezi kuwapa watu mawazo ambayo hawana. Mashetani wa porini, wenye jicho moja, mguu mmoja, masikio marefu au tumbo lililo wazi, walijulikana Mueda tangu zamani katika hadithi na katika mapiko yenyewe. Kilichopatikana mjini ni ruhusa ya kuwatoa, pamoja na mti wa ajabu wa kuwatolea. Mpingo uliojipinda, ambao mchonga binadamu angeukataa, ulimfaa mchonga shetani kuliko gogo lililonyooka. Wachongaji wa mtindo huu husema mara nyingi kwamba hutazama gogo kwanza kabla ya kuamua nini kitatoka.

Karibu na wakati huohuo Roberto Yakobo Sangwani, naye kutoka Msumbiji, alichonga mnara wa watu wakibebana. Kwanza ulihusu mieleka: mshindi amebebwa juu na wenzake, na mtindo uliitwa dimoongo. Watu waliongezeka, wakapanda mabega ya wenzao pande zote za gogo, hadi shina zima likawa jamii ya miili iliyoshikana. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967, mnara huo ulipata jina jipya, ujamaa, na siasa ya Mwalimu Nyerere ikapata picha yake. Serikali, hoteli na wageni waliutaka. Wachongaji nao waliuongezea maana za kwao: juu kabisa mara nyingi hukaa babu au bibi, mzizi wa ukoo, na wanaomzunguka ni watoto na wajukuu. Mtindo wa tatu, mawingu, uliacha kabisa masimulizi ya aina hiyo na kufuata mistari laini inayopanda na kukatika, huku jicho, mkono au titi likijitokeza mahali pasipotarajiwa.

Ugumu wa kazi yenyewe hauonekani dukani. Mchongaji hukaa chini, miguu imenyooshwa, na hulibana gogo kwa nyayo. Shoka huondoa tabaka la nje. Tezo hufuata, na ndiyo chombo kinachotoa umbo: mapigo mafupi, ya kasi, kila moja likiondoa kibanzi chembamba. Mpingo hufanya makali ya chuma yawe butu upesi, kwa hiyo tezo hunolewa mara kwa mara, na patasi nyingi hufuliwa na mafundi wa mtaani kutoka katika vyuma chakavu. Katika mnara wa ujamaa sehemu ngumu ni kutoboa. Nafasi kati ya mkono na kiwiliwili, kati ya mtoto na mgongo wa mama, hukatwa kwa patasi nyembamba kutoka pande mbili mpaka mashimo yakutane. Pigo moja la pupa huvunja mkono, na mkono uliovunjika haurudi. Baada ya hapo hufuata tupa, msasa wa kukwaruza, msasa laini, na mwisho mafuta au nta. Wakati wote gogo huwekwa kivulini, kwa kuwa likikauka haraka hupasuka. Mnara mkubwa huweza kuchukua miezi mingi, na hakuna mchoro wowote unaochorwa kabla.

Siasa ya Msumbiji haikuwaacha wachongaji nyuma. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwaua watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya mtawala huko Mueda. Miaka miwili baadaye chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na vita vya ukombozi vilianza mwezi Septemba 1964 katika nchi hiyohiyo ya Wamakonde. Wakimbizi wengi waliingia Tanzania, wachongaji wakiwemo. Katika maeneo yaliyokombolewa wachongaji walijiunga katika vikundi vya ushirika, na vinyago vyao vilibebwa hadi Tanzania kuuzwa ili kusaidia mapambano. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, kinyago cha Kimakonde kilikuwa tayari alama ya taifa katika nchi mbili.

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mmisionari wa Marekani, alisaidia kuanzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Mlinzi mmoja wa usiku aliyeajiriwa huko alikuwa George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu, mkoani Lindi, akakulia katika mashamba ya mkonge na kujifunza kuchonga huko. Kazi ya ulinzi aliipata kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba. Haikupita muda mrefu walioona vinyago vyake walimwita afanye kazi mchana. Lilanga aliwahamisha mashetani kutoka kwenye mti: akawachora kwenye ngozi za mbuzi, kwenye batiki, kwenye mabamba na turubai, kwa rangi kali, wenye vidole viwili na masikio makubwa, wakipika, wakinywa, wakipanda magari, wakigombana foleni. Watu wa mji walijiona humo. Alipofariki mwaka 2005 picha zake zilikuwa zimeoneshwa Ulaya, Marekani na Japani.

Wanawake wa Kimakonde hawakuchonga. Kazi yao ilikuwa kufinyanga vyungu. Reinata Sadimba, aliyezaliwa Mueda mwaka 1945 na aliyeshiriki katika vita vya ukombozi, alianza na vyungu hivyo hivyo kisha akavipa vichwa, matumbo na chale, vikawa sanamu za udongo. Aliishi Tanzania kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1980 kabla ya kuhamia Maputo. Kutoka kwake ilionekana kwamba ubunifu wa Kimakonde haukuwa mali ya wanaume wala ya mpingo peke yake.

Wasomi walichelewa kukubali. Kwa muda mrefu watu wa makumbusho ya Ulaya waliyathamini mapiko ya zamani na kuvidharau vinyago vya mpingo kuwa bidhaa za watalii, kana kwamba kazi iliyouzwa haiwezi kuwa sanaa. Wanaanthropolojia Jorge Dias na mkewe Margot, waliofanya utafiti Mueda kuanzia mwaka 1957, waliandika kwa kina kuhusu maisha na ngoma za huko. Ilichukua miongo zaidi kwa upande wa mjini kupewa uzito huo. Mchongaji John Fundi alioneshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, pamoja na wasanii wa mabara yote. Mwaka 2002 Zachary Kingdon, aliyejifunza kuchonga miongoni mwa wachongaji wenyewe, alichapisha kitabu kizima kuhusu wachongaji wa mashetani, na baada yake ikawa vigumu kuyarudia madai ya zamani.

Sokoni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 wachongaji na wauzaji wengi wa Dar es Salaam wamekusanyika Mwenge, na huko si Wamakonde peke yao wanaochonga. Mnara wa ujamaa unaochongwa kwa agizo hutoka kwa ukubwa uliopangwa, idadi ya watu iliyopangwa na bei iliyopangwa. Jina la mchongaji hupotea mara kinyago kinapomfikia mnunuzi wa jumla. Miti mingine huchongwa na kupakwa rangi ya viatu ipate weusi. Anayejua hukitambua kinyago cha kweli kwa uzito wake mkononi, na kwa kukwaruza kidogo chini ya kitako, ambako rangi ya bandia hutoka na mti mweupe hujitokeza.

Mpingo wenyewe umekuwa adimu karibu na miji. Wachongaji hawako peke yao katika kuutafuta: viwanda vya Ulaya huutumia kutengenezea klarineti, obo na zumari za mifuko za Uskoti, na magogo bora hupelekwa huko. Kwenye misitu, moto wa kila mwaka na ukataji usiofuata utaratibu huiua miche kabla haijafikia umri wa kuvunwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya wilaya ya Kilwa, vikiwemo Kikole na Kisangi, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora, ikiwa ya kwanza barani Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayomilikiwa na wanavijiji, na mapato ya mpingo yakaanza kuingia moja kwa moja katika mifuko ya vijiji. Mchongaji wa Dar es Salaam, ambaye zamani alipewa gogo na tajiri wake, leo hununua vipande vidogo kwa bei ya juu, au huchonga kwa mninga na mkongo, na hata mabaki yaliyokataliwa na viwanda vya mbao.